Bilula Niliyoing'arisha Nje

Mwenye hatia ni mimi. Naanza na neno hilo kwa sababu katika miaka yangu ya utumishi nimesoma ripoti nyingi ambazo msomaji hufika ukurasa wa tatu hajajua nani alifanya nini, na nyingine huisha asijue kamwe. Bilula iliyotiwa kwenye sufuria ya pombe ya shangazi yangu huko Junda, muda si mrefu baada ya vita kwisha, niliitafuta mimi, niliileta mimi, nikaagiza itiwe mimi, nikaandika mimi kwamba imesafishwa ndani na nje. Fundi aliyeitia hakukosea. Shangazi hakukosea. Aliyeadhibiwa ni shangazi.

Sababu ya kuandika leo ni barua niliyoletewa na chama chetu cha kuzikana, kile kilichoanzishwa Kisauni na watu tuliotoka vijiji vya nyuma ya pwani kuja kutafuta kazi. Kamati ya sasa inaomba niandike historia ya chama, kwa kuwa miongoni mwa makatibu wa mwanzo nimebaki peke yangu. Pamoja na barua wameniletea kitabu cha kumbukumbu za mikutano, chenye jalada jeusi, ili kinisaidie. Wameusifu mwandiko wangu. Wamesema kumbukumbu zangu ni safi.

Nilikifungua kitabu baada ya chai ya asubuhi, nikakuta mkutano ule. Niliusoma mwandiko wangu mwenyewe hadi mwisho, nikasimama, nikakaa tena. Sikuwa nimesahau kilichotokea. Nilichokuwa nimesahau ni jinsi nilivyokiandika vizuri: mistari imenyooka, hakuna neno lililofutwa, na kila sentensi ni sahihi. Nilishtuka kama mtu aliyekutana na mwizi sebuleni kwake, akamtazama usoni akajiona mwenyewe. Historia nyingine ya chama sitaiandika kabla ya hii.

Shangazi yangu alikuwa dada wa baba, mjane, hakujaliwa mtoto. Alikaa Junda kwenye kiwanja chenye minazi michache na mihogo, na kazi iliyomtambulisha ilikuwa kupika pombe ya mahindi. Sioni haya kulitaja. Chama kilipoondoa matanga ya mwanachama, kibali kiliombwa ofisi ya serikali kwa barua, pombe ikapikwa, watu wakaimba na kunywa, na wafiwa wakaachiliwa kurudi makazini kwao. Wengi wetu tulikuwa tumebatizwa. Mchungaji alijua, na siku hiyo alichagua kupita njia nyingine.

Jambo moja lazima lieleweke kabla sijaendelea. Kwetu sisi mpishi ndiye anayekunywa kwanza. Huchota kwa kata, hunywa mbele ya watu wote, hufuta midomo, kisha husema, "Haina neno." Ndipo mgeni hupewa. Desturi hiyo haikuandikwa popote, na pengine ndiyo maana mimi, niliyeamini maandishi, niliiona kuwa ni kitu kidogo. Lakini hakuna aliyekuwa hajui maana yake: anayekupa kinywaji bila kukionja huenda anajua kilichomo.

Vita vilipokwisha, vyombo vingi vya jeshi viliuzwa, na wanachama wakampatia shangazi sufuria moja ya kupikia askari, nene, yenye masikio mawili, iliyomfika kifuani. Aliifurahia sana. Ilikuwa ikitosha matanga mazima kwa mpiko mmoja, ambapo zamani alihangaika na mitungi sita. Tatizo lilikuwa kuimwaga. Uji wa mahindi na kimea hutolewa ungali moto, ukachujwa kwenye kikapu, na sufuria ile mtu mmoja hawezi kuiinamisha. Alikuwa akipanda juu ya jiwe na kuteka kwa kata, kata baada ya kata, mvuke ukimpiga usoni.

Jumapili moja nilimkuta amekaa mlangoni, mkono wa kulia umefungwa kitambaa kilicholowa asali kutoka kifundo hadi kiwiko.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, bwana karani. Usiushike huo. Shika huu mwingine."

"Umepatwa na nini?"

"Nimepatwa na sufuria. Kata imeniponyoka, nikaifuata kama mjinga."

Alikuwa akicheka, lakini kitambaa kilipofunguliwa ili kibadilishwe, ngozi iliondoka nacho. Nilitoka nje. Niliporudi nilimwambia kwamba sufuria ile itatiwa bilula, kama tangi la maji, ili uji utoke wenyewe wala asipande tena juu ya jiwe. Nia yangu ilikuwa njema. Nalisema hilo mara moja tu, na sitalirudia kama utetezi.

Ofisi niliyoifanyia kazi ilikuwa na banda la vyuma vilivyokwisha kutumika. Humo niliiona bilula ya shaba, kubwa, ya namna ile ya zamani ambayo ndani yake kuna kipande kinachozunguka. Mafundi hukiita ulimi. Ilikuwa imelala humo miaka isiyojulikana, nyeusi kama mkaa. Niliandika barua kuiomba, nikaruhusiwa kwa barua, na barua hizo zote mbili ninazo. Katika jambo zima hili, hiyo ndiyo sehemu pekee niliyoifanya kama inavyotakiwa.

Nilikwenda nayo nyumbani, nikaisugua kwa ndimu na jivu jioni tatu mfululizo. Siku ya tatu iling'aa hata nikauona uso wangu ndani yake, umevutika kwa upana. Nilipompelekea shangazi aliigeuzageuza kwa mkono wake mzima.

"Lo! Umeisugua ikawa kama jino la dhahabu. Nitaogopa kuishika."

"Imefaa?"

"Kwa kuolewa nayo, imefaa. Kwa pombe, tutaona."

Fundi tulimpata kutoka karakana moja Changamwe, mzee wa Kisauni, mtaratibu, aliyezoea kazi ya mabomba. Alikuja Jumamosi kwa baiskeli, keekee na tupa vimefungwa ndani ya gunia. Aliigonga sufuria kwa ukucha pande zote, akasikiliza, kisha akatia alama ya chaki karibu kabisa na kitako.

"Hapo," alisema. "Bilula ya tangi hukaa chini, maji yaishe yote."

Shangazi aliifuta chaki kwa kidole.

"Hilo ni tangi, babu. Hii ni pombe. Huko chini hulala machicha. Ukiitia hapo utafungulia uji mzito, uzibe, kisha utaniambia mimi nitie mdomo nipulize." Aliweka vidole vyake vinne, bapa, kuanzia kitako kupanda juu, akaonyesha kwa ukucha. "Hapa. Machicha yabaki kwao, pombe itoke."

Fundi alinitazama mimi, kwa kuwa ndiye niliyemwita. Nami nikaandika katika daftari: vidole vinne juu ya kitako.

"Wallahi," alisema fundi, akichukua keekee, "mama huyu angezaliwa mwanamume mimi ningekuwa nauza mkaa."

Alitoboa pole pole, sufuria imelazwa ubavu juu ya magunia, nami nikiishikilia isibiringike. Tundu lilipopatikana alilichonga kwa tupa hata kingo zikawa laini. Alikata vipande viwili vya ngozi vya mviringo, akavilowesha mafuta ya nazi, kimoja kikakaa ndani na kimoja nje, kisha nati ikakazwa. Tuliijaza maji nusu, tukangoja. Tone moja lilijikusanya chini ya nati, likaanguka. Alikaza tena kidogo, na hapakuwa na tone la pili. Kazi ilikuwa nzuri, na ninaitolea ushahidi.

Alipokuwa akinawa mikono ndipo aliinama akachungulia ndani ya mdomo wa bilula.

"Hii imelala muda gani?"

"Sijui. Miaka."

"Basi sikiliza, bwana. Uling'oe hili dude la ndani, huu ulimi, ulitie siki ya mnazi, lilale humo usiku mmoja, kisha usugue njia yote kwa kitambaa. Shaba ikilala karibu na bahari hufanya kutu ya kijani. Maji hayana habari nayo. Kitu kikali kitaila, na anywaye ataila."

"Nimeelewa."

"Ningefanya mimi, lakini siki sikuja nayo."

Katika daftari langu nilikuwa nimeorodhesha kazi za siku ile, na mbele ya kila kazi iliyokwisha nikitia alama ya vyema. Kutoboa: alama. Kuchonga kingo: alama. Ngozi na mafuta: alama. Kujaribu kwa maji: alama. Niliongeza mstari wa mwisho: kusafisha ndani kwa siki. Kalamu ilikuwa mkononi. Siki ningeileta Jumatatu. Jambo lilikuwa limekwisha akilini mwangu. Na ukurasa ule, wenye alama juu hadi chini isipokuwa mstari mmoja, ulionekana kama kinywa kilichong'olewa jino. Nikatia alama.

Ningali nalo daftari hilo. Nimelilinganisha na kitabu cha chama, kurasa mbili kando kando juu ya meza, na sijui ni upi kati ya kurasa hizo unaonitia hofu zaidi.

Jumatatu kazi zilikuwa nyingi ofisini. Jumanne sikukumbuka. Nilipokumbuka nilifungua daftari kuhakikisha, nikaona alama, nikaridhika. Naomba msomaji asome sentensi hiyo mara ya pili. Niliyaamini maandishi yangu kuliko mikono yangu, ambayo ilijua kwamba haijawahi kugusa siki.

Matanga yaliyofuata yalikuwa ya mwanachama mmoja, kuli wa bandarini aliyefariki kwa homa. Shangazi alipika, na safari hii uji ulitoka kwa bilula bila yeye kupanda popote. Alimtuma mtu kuniambia kwamba amepika ameketi, kama malkia. Alichuja, akaiosha sufuria, akairudisha pombe ndani ikae iwive. Ilikaa siku mbili. Siku mbili kitu kikali kililala ndani ya njia ya bilula ile, kiasi cha kikombe kimoja, kikila kutu.

Hapa ndipo lilipoingia wazo langu jingine, na ndilo lililoharibu kabisa. Huko Changamwe nilikuwa nimeshuhudia kufunguliwa kwa mfereji wa maji wa mtaa. Palikuwa na utepe, palikuwa na hotuba, kisha mgeni rasmi akazungusha mfereji kwa mkono wake, akajaza gilasi ya kwanza, akainywa mbele ya watu, nao wakapiga makofi. Sijawahi kuona jambo lililopangwa vizuri namna ile. Nilitaka chama chetu kiwe nalo. Nilifunga utepe kwenye bilula. Mwenyekiti wetu, aliyekuwa serehangi, msimamizi wa makuli, mtu mzima mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya meli, nilimwandikia barua kwamba yeye ndiye mgeni rasmi.

Kabla watu hawajaitwa, nilikwenda jikoni nyuma ya nyumba. Shangazi alikuwa amevaa leso mpya, mkono wake ungali na kovu jekundu, ameshika kata.

"Shangazi, leo hakuna kata."

"Hakuna kata? Nitaonja kwa kitu gani? Kwa kiganja?"

"Leo hakuonjwi. Mgeni rasmi ndiye atakayefungua, naye ndiye atakayekunywa kwanza. Ndiyo taratibu ya mifereji."

"Hii si mfereji, mwanangu. Niache nionje, kisha afungue yeye, mara kumi akipenda."

"Itakuwa si ufunguzi tena. Atakuwa amefungua kitu kilichokwisha kufunguliwa."

Aliishusha kata.

"Na mimi nisimame wapi?"

"Pembeni ya sufuria. Utapigiwa makofi."

Niliichukua kata mkononi mwake. Hakunipokonya. Niliitundika kwenye msumari, tukatoka.

Nilisema maneno machache. Mwenyekiti alikuja mbele akiutazama utepe.

"Karani," alisema kwa sauti kubwa, "nikifungua hapa hakutatoka gari la moshi?"

Watu walicheka. Alizungusha, pombe ikatoka, kikombe kikajaa. Sikuitazama rangi yake. Nilikuwa nikitazama nyuso za watu kuona kama wamependezwa. Alikinywa chote kwa mkupuo mmoja, akakunja uso kidogo, akasema, "Kali! Hii ni ya wanaume," nasi tukapiga makofi. Kisha vikombe vikapangwa, kila mtu akapewa, wimbo ukaanza.

Wimbo haukufika mwisho. Mwenyekiti aliweka mkono tumboni, akapiga hatua mbili kuelekea minazini, akapiga magoti. Alitapika hata tukadhani roho itatoka. Kilichomtoka kilikuwa na rangi ambayo hakuna chakula chenye rangi ile. Wanaume wanne walimshika. Ngoma ikanyamaza, na katika kimya kile sauti ya mwanamke mmoja, ambaye hata hakuwa mwanachama, iliuliza:

"Nani ameonja?"

Mwingine akauliza tena, safari hii si kwa kutaka kujua:

"Jamani, kuna aliyemwona ameonja?"

Vikombe vilianza kuwekwa chini, kimoja kimoja, juu ya mchanga. Shangazi alikuwa amesimama pembeni ya sufuria, mahali nilipomweka.

Mwenyekiti alichukuliwa kwa mkokoteni hadi zahanati, na siku ya tatu alikuwa amepona, anakula uji. Waliokunywa wengine wote hawakupata hata kiungulia. Ndilo lililomwangamiza shangazi. Laiti tungeugua sote tungesema pombe imeharibika. Sumu iliyokwenda kwenye kikombe kimoja tu, kikombe cha mkubwa wetu, na kilichotolewa bila kuonjwa, haikuhitaji maelezo.

Mkutano ulifanyika Jumapili iliyofuata katika chumba cha darasa tulichoazimwa. Mimi nilikaa kwenye meza ya mwalimu, kitabu chenye jalada jeusi mbele yangu. Katika kanuni za chama nilizoziandika mwenyewe palikuwa na kifungu kinachosema kwamba katibu haongei mkutanoni; kazi yake ni kuandika. Nilikiona ni kifungu cha busara.

Shangazi alipewa kiti, akakataa, akasimama.

"Mimi simtaji mtu," alianza mwenyekiti, sauti yake imepungua. "Nauliza tu. Kikombe changu kilikuwa na nini?"

"Kilikuwa na kilichokuwamo vikombe vya wenzako," alijibu shangazi. "Na ulikijaza mwenyewe."

"Nilikijaza kwenye sufuria ya nani?"

"Yangu."

Mzee mmoja aliyekaa mbele, mweka vyombo wa chama, aliinuka. "Dada yetu, umetupikia miaka. Hatujawahi kukuuliza neno. Leo tunakuuliza moja. Ulionja?"

"Sikuonja."

"Kwa nini?"

Shangazi aligeuza uso akanitazama. Kalamu yangu ilikuwa juu ya karatasi, nimekwisha andika "Sikuonja", nangoja. Nilijua atakachosema. Angesema, huyu hapo mezani ndiye aliyenipokonya kata, na mimi ningelazimika kukiandika, na kwa kukiandika jambo lingekuwa limekwisha.

"Mkono ulikuwa ukiniuma," alisema. "Sikuweza kushika kata."

"Siku hiyo hiyo ulikuwa umebeba kuni," alisema mwanamke mmoja nyuma. "Mimi nilikuona."

"Basi uliniona."

Niliandika: aliulizwa kwa nini hakuonja, akajibu kwamba mkono ulikuwa ukimuuma. Nilikuwa nikijua kwamba si kweli. Nilikuwa, katika chumba kile chote, mtu pekee mbali na yeye aliyejua kwamba si kweli. Na nikaandika kwa usahihi kabisa, kwa kuwa ndivyo alivyosema.

Uamuzi ulikuwa kwamba asipike tena pombe ya chama; kwamba mwanachama asipokee chakula wala kinywaji mkononi mwake katika shughuli za chama; na kwamba jina lake litolewe katika orodha ya watakaozikwa na chama. Neno uchawi halikutamkwa. Sisi ni watu wa heshima. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye neno. Alingoja, nampa haki yake, alingoja sana. Niliandika: hakukuwa na mwenye neno.

Siku mbili baadaye nilipata salamu kutoka Junda: njoo uchukue kitu chako. Nilimkuta akifunga vyombo. Alikuwa akihamia Mwakirunge, kwa jamaa za mama yake. Sufuria ilikuwa uani, imelazwa ubavu. Nililegeza nati kwa spana ya kuazima, nikaitoa bilula, na kwa kuwa nilitaka kushughulisha mikono nikaung'oa ule ulimi.

Ndani mlikuwa kijani. Kijani kibichi, kama kisamvu kilichotwangwa, kimeganda pande zote za njia, na pale pombe ilipokuwa imelala kilikuwa kimelika na kulainika. Nje, ile shaba iling'aa. Nilikaa chini uani na suruali yangu ya kazi.

Shangazi alitoka na mkeka kichwani, akasimama.

"Ndicho hicho?"

"Ndicho."

Aliutua mkeka, akainama, akatazama ndani, akanusa.

"Fundi hakukuambia?"

"Aliniambia."

"Ukaandika?"

"Niliandika."

Alicheka mara moja, kicheko kifupi kilichotoka puani. "Ahaa. Basi imeandikwa."

"Shangazi, nitawaambia. Mkutano ujao nitawaambia."

"Haya, mwanangu."

"Kwa nini hukunitaja?"

Aliuchukua mkeka tena. "Mtoto wa ndugu yangu anipokonye kata, na mimi nikasimame darasani nimsemee mbele ya watu? Ningeambia nini kaburi la baba yako? Nilidhani utajisemea mwenyewe. Si una mdomo?"

Mkutano uliofuata ulianza kama inavyotakiwa, kwa kusomwa kumbukumbu za mkutano uliopita. Nilizisoma mimi, kwa sauti. Mwenyekiti aliuliza kama zinalingana na yaliyosemwa. Wote walikubali kwamba zinalingana. Na kweli zililingana. Alitia sahihi, nami nikatia yangu, tukaingia shughuli nyingine. Sikusema neno. Niliogopa. Nimejaribu kwa miaka mingi kutafuta sababu iliyo bora kuliko hiyo, na sikuipata.

Shangazi aliishi Mwakirunge hadi alipofariki. Habari zilimfuata, hakukuwa na umbali wa kuzizuia. Majirani walimsalimu, wakampa chumvi na moto, lakini hakuna aliyepokea maji mkononi mwake. Mimi nilikuwa nikienda kila nilipopata likizo. Kila mara alinipa maji ya kunywa, na kila mara, kabla hajanipa, alikunywa kidogo kwanza mwenyewe, akafuta midomo, akasema, "Haina neno," ndipo akaninyooshea. Hakuwahi kuiacha hata mara moja. Nilikunywa. Sikuwahi kumwambia aache, na sikuwahi kuuliza kama alikuwa akinikumbusha au alikuwa akinitunza tu.

Alipofariki alizikwa na jamaa. Chama hakikupeleka jeneza, hakikupeleka mtu, kwa kuwa jina lake halikuwamo. Niliiangalia orodha mwenyewe.

Kwa hiyo, kwa kamati ya sasa iliyoniomba historia, hili ndilo jibu langu, nami naliandika kwa mwandiko ule ule mlioupenda. Nadai uitishwe mkutano wa wanachama wote. Nadai kumbukumbu za mkutano ule zisomwe mbele yao, neno kwa neno, na kando yake usomwe ukurasa wa daftari langu wenye alama niliyoitia kwa uongo. Nitakuja nalo, pamoja na bilula, ambayo sijaisafisha. Nadai nisimamishwe mahali aliposimama shangazi, niulizwe nani alimzuia kuonja na kwa nini fundi hakusikilizwa, na nijibu mimi mwenyewe. Nadai uamuzi ule ufutwe na jina lake lirudishwe katika orodha, ijapokuwa amekwisha zikwa, na kamati iende Mwakirunge kuwaeleza jamaa zake na majirani kwamba mkono wake ulikuwa safi. Adhabu yangu amueni ninyi, sitaikatia rufaa. Na siku hiyo mwenyekiti akiuliza kama kuna mwenye neno, nadai mtu mwingine ndiye ashike kalamu.